Mpiga Mkwara Mezani: Hesabu ya Poka Mkibaki Wawili

Kuna mchezaji ambaye kila aliyewahi kushika karata hosteli anamjua. Hasubiri. Karata hazijatulia mkononi, tayari kashasukuma kete katikati ya meza. Ukipita, anaweka. Ukiweka, anapandisha. Ukisita kidogo anakuuliza kama umelala. Kwenye meza ya watu sita mtu wa namna hii ni kero tu, maana kati ya watano waliobaki yupo mmoja atakayeshika karata nzuri na kumtuliza. Mkibaki wawili, wewe na yeye, hakuna wa kukusaidia.

Nataka tumwongelee huyo, kwa sababu wengi wakikutana naye wanafanya moja kati ya mambo mawili, na yote mawili yanamnufaisha yeye. Wapo wanaojikunyata na kutupa karata mgao baada ya mgao, wakisubiri siku watakayopewa esi mbili. Wengine wanapandwa na hasira, wanaanza kurudishiana mikwara, tuone nani atamtisha nani. Njia ninayoipendelea mimi inaanza na sehemu na asilimia zile zile za Hisabati ya kidato cha kwanza, na ninaisema kama mtu anayejiandaa kwenda kuzifundisha.

Kwa wasiojua mchezo: ninaongelea poka ya aina ya Texas Hold'em. Kila mmoja anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa karata tano za wote: tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Kabla ya kufunua na baada ya kila hatua kuna mzunguko wa madau, jumla mizunguko minne. Zamu yako ikifika unaweza kupita kama hakuna dau mbele yako, kulipa dau la mwenzako, kulipandisha, au kutupa karata na kumwachia kitita, yaani kete zote zilizokwisha kuwekwa katikati. Mkifika mwisho mnaonyeshana, na anayetengeneza karata tano bora kati ya saba anachukua. Ili mchezo usilale, kila mgao mmoja wenu anaweka dau kubwa la lazima na mwingine anaweka nusu yake, mnapokezana. Kete zetu sisi ni punje za maharage.

Sasa, huyu bwana anakula wapi? Chukua kitita chenye kete 100. Anaweka 100 nyingine akiwa hana kitu, mkwara mtupu. Ukitupa, kapata 100. Ukilipa, kapoteza 100. Maana yake mkwara wake una faida ilimradi wewe utupe zaidi ya mara moja kati ya mbili, bila kujali ameshika nini. Hata angekuwa ameshika kitambulisho cha chuo na risiti ya kantini, hesabu ni ile ile.

Na kwa kawaida watu wanatupa zaidi ya nusu. Karata mbili zisizo pea zinapata pea kwenye zile tatu za kwanza za mezani karibu mara moja tu kati ya tatu. Yaani mara nyingi unaangalia meza unaona umekosa. Mtu anayetupa kila anapokosa anatupa kama theluthi mbili ya migao yake, na mpiga mkwara anapita nyuma anaokota. Lakini uwezekano huo huo unamhusu na yeye! Naye kakosa mara mbili kati ya tatu. Tofauti ni kwamba yeye kakosa na ameweka dau, wewe umekosa na umeondoka.

Geuza upande. Kitita 100, yeye kaweka 100. Mbele yako kuna kete 200 za kushinda na bei ya kuziwania ni 100. Ukilipa mara tatu, ukakosea mbili na kupatia moja, umetoa 100 mara mbili na umechukua 200 mara moja. Ngoma droo. Kwa hiyo unahitaji kupatia mara moja tu kati ya tatu ili usipoteze. Akiweka nusu ya kitita, 50 juu ya 100, unalipa 50 kuwania 150, na mara moja kati ya nne inatosha. Akiweka mara mbili ya kitita, 200 juu ya 100, unalipa 200 kuwania 300, hapo unahitaji mara mbili kati ya tano. Hata dau la kumfanya mtu ashike kichwa halikudai upatie nusu ya mara, na haliwezi kufika nusu hata aweke ghorofa, kwa sababu siku zote unawania alichoweka yeye pamoja na kilichokuwepo mezani kabla.

Hapa ndipo naona wengi wanakwama. Wanajiuliza, "Huyu sasa hivi ananidanganya?" Halafu wanamkodolea macho, wanaangalia vidole vyake, wanasikiliza anavyohema. Swali hilo halina jibu. Swali lenye jibu ni mtu huyu anadanganya mara ngapi, kisha unalinganisha na bei uliyopewa.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho, maana bila namba hii itabaki soga. Umeshika esi ya shupaza na nane ya pau. Mezani kuna kwini ya kopa, nane ya uru, nne ya pau, mbili ya shupaza, na ya tano ni jeki ya uru. Una pea ya nane, ya katikati, ambayo wengi wanaitupa wakisukumwa. Mpinzani kaweka dau sawa na kitita. Karata usizoziona ni 45, na ukichukua mbili mbili unapata michanganyiko 990. Ngapi zinakupiga? Zote zenye kwini ni 129. Zenye jeki bila kwini ni 120. Esi mbili, kingi mbili, kumi mbili na tisa mbili zinaleta 21. Pea za siri zinazokutana na nane, nne au mbili za mezani zikawa karata tatu sawa ni 7. Pea mbili kutoka karata za chini ni 21. Kumi na tisa, zinazokamilisha mfululizo, ni 16. Jumla 314. Michanganyiko 6 mnagawana. Iliyobaki, 670, unaipiga wewe na pea yako ya nane.

Ina maana mtu anayeweka dau na karata zozote unamshinda zaidi ya mara mbili kati ya tatu, wakati bei ilikutaka umshinde mara moja kati ya tatu. Lakini hakuna anayeweka na zozote kabisa, kwa hiyo tumpe nafasi. Tuseme zile 314 zote anaweka dau. Ili kulipa kwako kusiwe na hasara wala faida, inatakiwa aweke mkwara na michanganyiko 157 kati ya zile 670. Hiyo ni chini ya robo. Jiulize kwa uaminifu: yule unayemjua wewe, akiwa hana kitu, anaweka dau chini ya mara moja kati ya nne? Kama jibu ni "anaweka karibu kila mara", basi kutupa pea ya nane hapo ni kumpa zawadi.

Sasa rudi kwa wale wanaosubiri esi mbili. Esi mbili zinakuja kwa wastani mara moja kwenye migao 221. Mkiwa wawili, madau ya lazima yanakula kwako, kwa wastani, robo tatu ya dau kubwa kila mgao. Ukitupa yote 221 utakuwa umetoa kama madau makubwa 166. Kama ulianza na 100, umeshatoka mezani kitambo, umeaga kwa heshima, na esi zako hujaziona. Kusubiri kunafaa meza ya watu wengi. Mkiwa wawili inabidi uridhike na pea za katikati, wakati mwingine hata esi isiyo na pea.

Mfano maarufu wa pea iliyotupwa ni wa mwaka 2003, fainali ya World Series of Poker huko Las Vegas. Walikuwa wamebaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyefuzu kupitia mashindano ya intaneti, na Sammy Farha, mzaliwa wa Lebanon, mchezaji wa kulipwa mwenye jina. Mezani zilikuwa tisa, mbili, sita, nane na tatu, tatu kati yake shupaza. Farha alikuwa na kwini na tisa, yaani pea ya karata kubwa kuliko zote za mezani. Moneymaker alikuwa na kingi na saba. Alikuwa anafukuzia shupaza na mfululizo, akakosa vyote. Akasukuma kete zake zote. Farha akafikiri, akatupa. Muda si mrefu Moneymaker akawa bingwa na kuondoka na dola milioni 2.5. Sisemi Farha hajui hesabu, na Moneymaker hakuwa mtu wa kuweka ovyo kila mgao, ndiyo maana kumlipa kulikuwa kugumu. Laiti sifa yake ingekuwa ya kupiga mkwara kila saa, pea ile ya tisa isingetupwa.

Upande wa pili kuna mwaka 1988, fainali ya mashindano hayo hayo, Johnny Chan dhidi ya Erik Seidel. Kipande cha video yake kimetumika kwenye filamu ya Rounders ya 1998, huenda umekiona. Chan alishika jeki na tisa, Seidel kwini na saba. Karata tatu za kwanza zikafunuliwa: kwini, nane, kumi. Chan keshapata mfululizo, mchezo umekwisha kwa upande wake, na Seidel ana pea ya kwini ambayo kwa macho yake ni nzuri sana. Ya nne ikaja mbili, ya tano sita. Chan akapita. Seidel akasukuma kete zote. Chan akalipa, akachukua ubingwa wa pili mfululizo baada ya ule wa 1987.

Somo la Chan kwa mpiga mkwara ni kwamba ukiwa na karata nzito usimwamshe. Wengi wakipata kitu kikubwa wanakimbilia kupandisha kwa nguvu, kama wanalipiza kisasi cha nusu saa nzima. Mpinzani asiye na kitu anatupa, unabaki na ushindi wa kete kumi. Mtu anayependa kuweka, mwachie aweke. Pita, lipa, pita, lipa. Mkwara wake wa pili na wa tatu ndio faida yako, na ukipandisha mapema umejinyima. Dhidi ya mchezaji mpole ningekushauri kinyume kabisa, maana huyo usipoweka wewe hakuna atakayeweka.

Nafasi pia ina uzito. Mkiwa wawili, anayegawa ndiye anayecheza mwisho baada ya karata tatu kufunuliwa, na migao inapokezana. Ukicheza mwisho unaona alichofanya kabla hujaamua, kwa hiyo lipa kwa upana. Ukicheza kwanza, punguza kidogo, tupa takataka zako mapema kabla kitita hakijakua.

Halafu wapiga mkwara si wa aina moja. Kuna anayeweka kila mara lakini ukimpandishia anakimbia. Huyo unaweza kumrudishia mara moja moja hata ukiwa na karata za kawaida, hasa kabla meza haijafunuliwa. Kuna mwingine anaweka, ukipandisha anapandisha tena, na hajawahi kutupa karata tangu mwanzo wa muhula. Huyo usimpige mkwara. Narudia, usimpige mkwara. Mtu asiyetupa hatishiki, na kila kete unayoweka ukiwa huna kitu ni msaada kwake. Wale wenzetu wa kurudishiana mikwara wanaumia hapa, kwa sababu wanadhani wanapambana na aina ya kwanza kumbe wako na ya pili.

Yupo pia anayesukuma kete zote kila mgao kabla hata ya kufunua. Tuseme mna madau makubwa 20 kila mmoja, nawe umeshaweka moja la lazima. Unatakiwa kulipa 19 kuwania 21. Unahitaji kushinda mara 47.5 kati ya 100. Dhidi ya karata za kubahatisha, esi yoyote, kingi yoyote, pea yoyote na kwini nyingi zinavuka hapo. Kwini na saba, zile za Seidel, zinashinda kidogo tu zaidi ya nusu. Basi unalipa. Ila uelewe unachokubali: ukilipa na esi na saba dhidi ya karata zozote, kama mara nne kati ya kumi unapoteza kila kitu, na utakuwa umecheza sahihi.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nicheze kwa maharage. Hesabu yote niliyoieleza inalipa kwa wastani, na wastani unahitaji migao mingi mno. Boom haina migao mingi. Nimemwona mtu akilipa dau kwa usahihi kabisa, bei nzuri, mpinzani muongo wa kutosha, na siku hiyo muongo akawa anazo. Hela ya chakula ya wiki mbili ikaondoka. Uamuzi wake haukuwa na kasoro kihesabu, kasoro ilikuwa kwamba asingeweza kuurudia mara mia ili wastani umlipe. Poka ya hela inataka akiba ambayo ukiipoteza yote maisha yanaendelea kama kawaida, na sijui mwanafunzi gani ana akiba ya namna hiyo.

Kuna kitu kingine cha kuangalia kabla hujaanza kumlipa kila anayeweka dau kubwa. Kucheza kwa ukali peke yake si kosa. Januari 2017, kwenye kasino moja ya Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Tuomas Sandholm na Noam Brown, ilicheza poka ya wawili wawili dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa. Migao 120,000 kwa siku 20. Ikawashinda. Mojawapo ya vitu vilivyowasumbua ni madau yake makubwa kupita kitita, wakati mwingine mara kadhaa ya kitita. Ilikuwa inatisha kuliko mshikaji yeyote wa hosteli. Lakini mikwara yake ilikuwa imepimwa: kwa kila dau kubwa, kiasi cha karata nzito na kiasi cha uongo vilikaribia uwiano wa bei inayokupa. Kwenye dau sawa na kitita, kwa mfano, uwiano huo ni uongo mmoja kwa kila karata nzito mbili. Mpinzani wa hivyo, ulipe au utupe, hupati faida ya maana. Unayemtafuta ni yule aliyepitiliza, mwenye uongo mmoja kwa karata nzito moja, au zaidi ya hapo.

Utamjuaje? Si kwa kuweka madau matano mfululizo. Mtu anaweza kupewa karata nzuri mara tano, inatokea. Ushahidi pekee ni karata zilizoonyeshwa mwishoni baada ya dau kubwa, na ndiyo sababu nyingine ya kulipa mapema kwenye mchezo wakati vitita bado ni vidogo: unanunua taarifa kwa bei rahisi. Chukua kipande cha karatasi, chora safu mbili, "alikuwa nazo" na "hakuwa nazo". Andika kila mnapoonyeshana baada ya yeye kuweka dau kubwa. Kwenye mistari minne mitano huwezi kusema kitu. Ukifika kumi na tano ishirini picha inaanza kutokea, na kama safu ya pili imefika nusu, lipa pea zako za katikati bila kuhema.

Endelea kuandika hata ukianza kushinda, maana mtu akilipwa mara nyingi anajirekebisha, tena bila kutangaza. Kelele zake zinabaki zile zile, kete anasukuma kwa mkono ule ule, ila safu ya "alikuwa nazo" inaanza kurefuka peke yake. Ukiona hivyo, pea ya nane inarudi kwenye karata za kutupa.